Ugonjwa uitwao "mvua": Jinsi hali ya hewa inavyoamua mavuno ya viazi kaskazini mwa Rwanda

Wakulima wa viazi mviringo wanaoishi chini ya milima ya volkano ya Birunga, nchini Rwanda, wana jina fupi la ugonjwa unaowatisha kuliko yote shambani. Huuita imvura, neno la Kinyarwanda lenye maana ya mvua. Wataalamu wa kilimo wanaotumia Kiswahili huuita baka chelewa au bakajani chelewa, na wakulima wengi huuita ukungu tu.

Jina la imvura limetokana na uzoefu. Majira ya mvua yakianza, majani ya viazi huanza kuwa na mabaka meusi, na mvua ikikatika ugonjwa hutulia. Hata hivyo, jina hilo linaweza kumpotosha mkulima katika jambo moja muhimu. Kinachoamua hatima ya shamba si wingi wa maji yaliyoshuka kutoka mawinguni, bali ni saa ngapi jani limebaki na maji, na joto lilikuwa kiasi gani katika saa hizo. Mkulima anayesubiri mvua kubwa ndipo ashike bomba la dawa huenda akawa amechelewa kwa siku kadhaa.

Zao la mlimani

Viazi hulimwa kwa wingi katika wilaya za Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,800 hadi zaidi ya 2,500 kutoka usawa wa bahari. Udongo wa huko umetokana na majivu na miamba ya volkano, nao una rutuba nyingi. Mvua hunyesha katika majira mawili makuu, kuanzia Septemba hadi Desemba na kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Usiku kuna baridi, mchana joto ni la wastani, na asubuhi nyingi miteremko hufunikwa na ukungu unaoshuka kutoka milimani.

Hali hiyo inaufaa sana mmea wa kiazi, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika Kusini. Kwa bahati mbaya, inamfaa pia adui wake mkubwa.

Uzito wa tatizo hili unaonekana katika ukubwa wa mashamba. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2 nchini Rwanda, nchi ndogo yenye msongamano mkubwa wa watu, na familia nyingi za wakulima zina ardhi isiyofikia hekta moja. Kwa familia kama hiyo, viazi ni chakula cha nyumbani na pia ndiyo fedha ya karo, ya matibabu na ya mbegu za msimu unaofuata. Zao hukomaa ndani ya miezi mitatu hadi minne. Baka chelewa, hali ya hewa ikiuruhusu, huweza kulimaliza shamba lisilokingwa ndani ya wiki moja au mbili.

Si mvua, wala si kuvu halisi

Ugonjwa huu husababishwa na kimelea kinachoitwa Phytophthora infestans. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa kuvu, na hata leo dawa zake huitwa viuakuvu. Kimaumbile, hata hivyo, kimo katika kundi la oomisete, viumbe walio na undugu wa karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko kuvu wa kawaida. Undugu huo unasaidia kueleza kwa nini kimelea hiki kinayapenda maji kiasi hicho.

Swali la kama mvua yenyewe ndiyo ugonjwa liliwahi kuwagawa wanasayansi wa Ulaya. Mwaka 1845 mashamba ya viazi ya Ireland yalianza kuoza, na njaa iliyofuata iliua takribani watu milioni moja na kuwafanya wengine zaidi ya milioni moja kuihama nchi. Baadhi ya wataalamu wa wakati huo, akiwemo mtaalamu wa mimea John Lindley wa Uingereza, waliamini kuwa viazi vilioza kwa sababu vilinyonya maji mengi kupita kiasi katika majira yale ya baridi na mvua. Mwaka 1846 kasisi Miles Berkeley, aliyekuwa bingwa wa elimu ya kuvu, alishikilia kwamba utando mweupe ulioonekana kwenye majani ndio uliokuwa chanzo cha kuoza, wala si matokeo yake. Ushahidi wa majaribio ulitolewa na Mjerumani Anton de Bary mwanzoni mwa miaka ya 1860, na mwaka 1876 ndiye aliyeliunda jina la Phytophthora, linalotokana na Kigiriki na kumaanisha mharibifu wa mimea.

Tangu hapo imefahamika kuwa mvua pekee haiwezi kuleta baka chelewa mahali ambapo kimelea hakipo. Kazi ya hali ya hewa ni kukifungulia mlango.

Usiku wa baridi, mchana wa vuguvugu

Kimelea huenea kwa vijimbegu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoitwa spora. Spora hizo huota upande wa chini wa jani lililoambukizwa, hewa inapokuwa na unyevu mwingi sana, zaidi ya asilimia 90. Ndiyo sababu mkulima anayegeuza majani alfajiri huona utando mweupe pembezoni mwa baka, lakini akirudi saa sita mchana jua likiwa kali, utando huo huwa umetoweka.

Asubuhi, hewa inapoanza kukauka, spora hujitenga na jani na kubebwa na upepo. Nyingi huangukia karibu, katika shamba lilelile au la jirani, lakini baadhi husafiri kilomita kadhaa. Safari hiyo ni ya hatari kwa kimelea, kwa kuwa jua kali na hewa kavu huziua spora ndani ya muda mfupi. Anga likiwa limetanda mawingu, nyingi zaidi hufika zikiwa hai.

Spora ikitua juu ya jani haiwezi kufanya lolote pasipo maji, na yanatosha hata maji ya umande. Kuanzia hapo, joto ndilo huamua njia itakayofuatwa. Katika baridi ya nyuzi joto 12 hivi, spora moja hupasuka na kutoa viumbe vidogo kadhaa vyenye mikia, ambavyo huogelea katika utando wa maji juu ya jani vikitafuta mahali pa kupenya. Joto likizidi nyuzi 20, spora huota moja kwa moja bila kugawanyika. Kwa hiyo, katika usiku wa baridi spora moja huweza kuzaa mashambulizi mengi, na katika usiku wa joto huzaa shambulio moja tu.

Kimelea kikishapenya ndani ya jani, mahitaji yake hubadilika. Sasa hustawi zaidi katika joto la nyuzi 18 hadi 22. Ndani ya siku tatu hadi saba baka huonekana, na baka hilo hutoa spora mpya kwa maelfu. Joto likifika nyuzi 30, maendeleo yake huzuilika.

Miteremko ya Birunga hutoa mpangilio huohuo karibu kila siku ya majira ya mvua. Usiku joto hushuka karibu na nyuzi 10, majani hulowa kwa umande au ukungu, kisha mchana hupanda kufikia nyuzi 20 na kidogo. Baridi ya usiku huzidisha mashambulizi, na vuguvugu la mchana huyakuza.

Kwa nini kipimo cha mvua hudanganya

Tofauti kati ya wingi wa mvua na muda wa unyevu huonekana vizuri kwa kulinganisha siku mbili. Katika siku ya kwanza, mvua kubwa ya radi hunyesha kwa nusu saa alasiri, kisha jua hutoka, upepo huvuma na majani hukauka kabla ya jioni. Kipimo cha mvua huonyesha milimita nyingi, lakini kimelea kimepata muda mfupi mno. Katika siku ya pili hakuna mvua yoyote ya kupimika. Ukungu umeshuka tangu jioni, umande umelala juu ya majani usiku kucha, na jua halijachomoza hadi saa nne asubuhi. Kipimo cha mvua ni kitupu, ilhali majani yamekaa na maji kwa zaidi ya saa 12. Siku hiyo ya pili ndiyo ya hatari zaidi.

Kwa maana hiyo, neno la Kiswahili linaukaribia ukweli kuliko la Kinyarwanda. Ukungu ni ule unaofunika bonde asubuhi, na ukungu ni ule unaoota juu ya jani. Wa kwanza humwandalia mazingira wa pili.

Mvua kubwa, hata hivyo, ina madhara yake. Huosha dawa iliyopuliziwa juu ya majani, na huzishusha spora ardhini hadi kwenye viazi vyenyewe, hasa pale udongo uliofunika mashina ulipokuwa mwembamba. Viazi hivyo huozea shambani au ghalani, hata baada ya mkulima kuamini kuwa amevuna salama.

Ni muhimu pia kutochanganya baka chelewa na baka tangulia, ugonjwa unaosababishwa na kuvu halisi aitwaye Alternaria solani. Huyu hupenda joto zaidi, takribani nyuzi 24 hadi 29, pamoja na vipindi vya unyevu na ukavu vinavyopokezana. Hushambulia kwanza majani yaliyozeeka, na mabaka yake huwa makavu yenye mistari ya duara, duara moja ndani ya jingine. Mabaka ya baka chelewa huonekana kama yaliyololowa maji na hayana duara hizo. Huweza kuanzia kwenye jani lolote, hata changa, na kushuka hadi kwenye shina.

Kanuni za Ulaya na kengele isiyonyamaza

Jitihada za kuutabiri ugonjwa kwa kuitazama hali ya hewa zina karibu karne moja. Mwaka 1926, nchini Uholanzi, van Everdingen alitoa kanuni zilizotumia saa za umande usiku, kiwango cha chini cha joto, mawingu na mvua ya siku inayofuata. Uingereza ilifuata kanuni ya Beaumont ya mwaka 1947, kisha ya Smith ya mwaka 1956. Kanuni ya Smith ilitangaza hatari baada ya siku mbili mfululizo zenye joto lisiloshuka chini ya nyuzi 10, na saa zisizopungua 11 kila siku za unyevu wa asilimia 90 au zaidi. Mwaka 2017 kanuni hiyo ilibadilishwa na ya Hutton, inayotosheka na saa sita za unyevu huo kila siku.

Kanuni hizi zimewasaidia wakulima wa Ulaya kupunguza upuliziaji usio wa lazima, kwa sababu huko siku za hatari huja na kuondoka. Zikipelekwa kama zilivyo katika nyanda za juu za tropiki hukutana na tatizo. Katika majira ya mvua karibu kila siku hutimiza masharti yake, na kengele inayolia kila siku haimwambii mkulima lolote jipya.

Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake mjini Lima, Peru, kilikabiliana na hali kama hiyo katika milima ya Andes, nacho kikabuni kifaa rahisi cha karatasi ngumu. Ni visahani vya duara ambavyo mkulima huvizungusha kwa mkono. Kimoja huonyesha uwezo wa aina yake ya kiazi kustahimili ugonjwa, kingine hali ya mvua ya siku za karibuni, na kingine muda uliopita tangu alipopulizia dawa mara ya mwisho. Jumla ya alama humwambia kama apulizie sasa au asubiri. Hakuna kompyuta wala kituo cha hali ya hewa kinachohitajika. Badala ya kuuliza tu kama hali ya hewa ni ya hatari, kifaa hicho huuliza kama shamba bado lina kinga ya kutosha dhidi ya hali hiyo.

Dawa na wakati wake

Kuna makundi mawili makuu ya dawa. Dawa za mguso, kama mankozebu, hubaki juu ya jani na kuzuia spora isiote. Hazina msaada wowote kwa jani ambalo kimelea kimekwisha kupenya, huoshwa na mvua, na hazilindi majani mapya yaliyochipua baada ya kupulizia. Dawa za kupenya, kama metalaksili, huingia ndani ya mmea na huweza kuzuia maambukizi machanga. Lakini zikitumiwa peke yake mara kwa mara, kimelea huzizoea. Usugu dhidi ya metalaksili umekwisha kuripotiwa katika sehemu nyingi za dunia, na ndiyo sababu huuzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu, na wakulima hushauriwa kubadilisha makundi ya dawa.

Hapa ndipo jina la imvura huweza kumgharimu mkulima. Anayepulizia dawa ya mguso baada ya kuona mabaka hukinga majani yaliyobaki mazima tu. Yale yaliyokwisha kuambukizwa, ambayo bado yanaonekana ya kijani, yatageuka meusi siku chache baadaye, naye atadhani ameuziwa dawa bandia. Anayepulizia kila wiki bila kuangalia anga huliokoa zao lake mara nyingi, lakini wiki za ukavu hutumia fedha ambazo huenda bei ya viazi sokoni isizirudishe.

Mbegu, mipaka na majirani

Kinga iliyo nafuu zaidi ni ile iliyomo ndani ya mbegu yenyewe. Rwanda ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa kuboresha viazi mwaka 1979 huko Ruhengeri, mji ambao leo huitwa Musanze, na aina kama Cruza na Kinigi zilienea kwa wakulima. Lakini ustahimilivu wa aina fulani unaweza kudhoofika kimelea kinapobadilika, na soko nalo lina matakwa yake: aina inayostahimili ugonjwa vizuri huenda isiwe ile inayopendwa na wakaanga chipsi wa mjini.

Upande wa pili wa mpaka, katika kituo cha utafiti cha Kachwekano karibu na Kabale, Uganda, watafiti wa taasisi ya taifa NARO na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi wameijaribu aina maarufu ya Victoria iliyoingizwa jeni tatu za ustahimilivu kutoka kwa viazi mwitu vya Mexico na Argentina. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa mimea hiyo ilistahimili baka chelewa shambani bila kupuliziwa dawa. Kulifikisha zao hilo kwa wakulima kunategemea sheria za mazao yaliyobadilishwa vinasaba katika kila nchi.

Ushirikiano wa aina hiyo una sababu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ukoo wa zamani wa kimelea, uitwao US-1, umeondolewa katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na ukoo mwingine, 2_A1, ambao umepatikana Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Spora hazina pasipoti, na mbegu za viazi huvuka mipaka pamoja na wafanyabiashara. Kinachotokea Musanze kinawahusu pia wakulima wa Kisoro na Kabale, wa Kivu Kaskazini, wa Nyandarua nchini Kenya, na wa Njombe na Mbeya nchini Tanzania, ambako baridi na ukungu wa milimani ni uleule.

Kalenda inayoyumba

Katika nyanda hizi kimelea kinahitaji mmea ulio hai ili kivuke kutoka msimu mmoja hadi mwingine, nacho hukosa taabu kuupata. Rwanda ina misimu miwili mikuu ya kilimo, A na B, na msimu wa tatu, C, wa miezi ya kiangazi. Anayepanda msimu wa C huukwepa ugonjwa kwa kiasi fulani, ingawa hukabiliwa na uhaba wa maji. Wakati huohuo shamba lake, pamoja na viazi masalia vinavyojiotea penye mavuno ya zamani, huweza kukihifadhi kimelea hadi mvua za Septemba zirudi.

Mabadiliko ya tabianchi yanazidi kuyumbisha kalenda hiyo. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, linatarajia matukio ya mvua kubwa kuongezeka katika Afrika Mashariki kadiri dunia inavyozidi kupata joto. Miaka ya El Niño nayo mara nyingi huzidisha mvua za Oktoba hadi Desemba katika sehemu kubwa ya ukanda huu, kama ilivyotokea mwaka 2023. Mkulima aliyezoea kuanza kupulizia katika mwezi fulani hawezi tena kuutegemea mwezi pekee.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa wataalamu huanzia kwenye ukaguzi wa shamba. Mkulima hushauriwa kuyageuza majani alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, na kutafuta utando mweupe, akianzia mabondeni na kwenye kivuli ambako unyevu hukawia. Hushauriwa pia kung'oa viazi masalia, kuacha nafasi ya kutosha kati ya mistari ili upepo upite, kuyainua matuta yafunike viazi vyema, na kukata majani na mashina takribani wiki mbili kabla ya kuvuna. Dawa ya mguso itangulie kipindi cha ukungu na mvua za mfululizo, na ifike hadi chini ya majani. Baada ya mvua kubwa, swali la kwanza liwe kama dawa iliyopuliziwa bado ipo juu ya jani.